UZI: Bahari ya miaka milioni 56 iliyopita ilikuwa na joto kiasi gani, na tope la kilindini linatuambiaje?

#1 NgongonaMiamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Kwenye uzi wa mvua za msimu huu kuna mtu aliuliza: "Hao wanaosema dunia iliwahi kuwa na joto kuliko sasa, nani alikuwa ameshika kipimajoto?" Swali likazikwa na mzaha. Nalifungulia uzi wake, maana jibu lipo na linashikika kwa mkono: ni tope la chini ya bahari. Mimi naweka mifupa, wenye maabara waje na nyama.

Tuchukue tukio moja tu, linaloitwa kwa kifupi PETM (kilele cha joto cha Paleosini na Eosini), mpakani mwa hivyo vipindi viwili vya jiolojia, kama miaka milioni 56 iliyopita. Dunia ilipanda nyuzi 5 hadi 6 ndani ya miaka elfu chache, ikakaa huko juu, kisha ikashuka polepole. Kwa jumla ni kati ya miaka 170,000 na 200,000. Sura yake ilionekana vizuri mwaka 1991, Kennett na Stott walipochapisha vipimo vya kore (nguzo za tope zinazotolewa kwa bomba la kuchimbia) za kisima namba 690 kilichochimbwa kwenye Maud Rise, mwinuko wa chini ya bahari ya Weddell, ubavuni mwa Antaktika. Tabaka hilo hilo linaonyesha asilimia 30 hadi 50 ya spishi za foraminifera wa kilindini wakitoweka.

Foraminifera ni kiumbe wa seli moja anayejijengea ganda la kalsiti. Wako wanaoelea juu, wako wanaoishi chini kwenye tope. Ganda linachukua oksijeni na kaboni kutoka kwenye maji ya mahali pale. Maji yakiwa ya baridi, ganda linashika oksijeni-18, ile nzito, nyingi zaidi. Yakipata joto, linashika kidogo. Kiasi chake ni takriban 0.22 kwa elfu kwa kila nyuzi moja. Wazo hilo lilitolewa na Urey mwaka 1947, na Emiliani akalitumia kwenye kore za bahari mwaka 1955. Kaboni-13 kwenye ganda hilo hilo haisemi joto, inasema kama kuna kaboni ngeni iliyomwagwa baharini na angani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge: namba ya joto haitoki kwenye mashine. Inaamuliwa mezani, pale mtu anapochagua ganda lipi liingie na lipi litupwe. Na ushahidi mkubwa wa jambo hilo umetoka hapa hapa nchini, mkoa wa Lindi. Nitaufikia.

#2 Mtemi_wa_Bahi

Mkuu, kabla hujaenda Lindi. Kanda ya Kati hatuna kitu? Singida kule Mahenge kuna visukuku vya samaki vya Eosini. Kwa nini tusipime pale?

#3 NgongonaMiamba

Swali zuri, na linawapoteza wengi kwa sababu ya hilo neno Eosini.

Mahenge ilikuwa kreta ya kimberlaiti, yaani shimo la volkeno, iliyojaa maji ikawa ziwa. Samaki, majani, hata popo wamehifadhika vizuri mno. Lakini umri wake ni kama miaka milioni 46. PETM ilishapita miaka milioni 10 nyuma. Eosini ni ndefu, mkuu. Halafu ziwa dogo linavukizwa, linapokea mvua za mahali, kwa hiyo oksijeni yake inasimulia ziwa lile na mvua yake, haisimulii dunia.

Huku Dodoma mjini ndiyo kabisa. Tumekalia graniti na naisi za zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hapakuwa na bahari hapa wakati huo. Tunachoweza kufanya tukiwa Dodoma ni kufanya kazi juu ya kore zilizotoka pwani au kwenye maghala ya kimataifa. Kore za Walvis Ridge, safu ya milima ya chini ya Atlantiki ya kusini, kwa mfano, zipo Bremen, Ujerumani, na mtafiti anaomba sampuli kutoka huko.

#4 Chekeche63

Nimeitwa. Naweka hatua za maabara, na kila hatua naeleza inavyoharibika.

Sampuli ni kipande cha kore cha unene wa sentimita 1 au 2, ujazo wa sentimita za ujazo 10 hadi 20. Kwanza kwangua ngozi ya nje, kwa sababu bomba la kuchimbia huburuta tope la juu na kulipaka ubavuni mwa tope la chini. Kama utapima metali tumia kisu cha plastiki. Kausha kwenye oveni isiyozidi nyuzi 50, pima uzito.

Kisha loweka kwenye maji yaliyoondolewa chumvi. Hapa ndipo wengi wanaua sampuli bila kujua. Maji hayo yakikaa wazi yananywa kaboni dayoksaidi ya hewani, yanapata asidi kidogo, na asidi hiyo inalamba kalsiti. Tia matone ya amonia hadi pH ivuke 8. Maji ya bomba ya hapa Dodoma msiyaguse kabisa: kila mwenye birika anajua ukoko wake. Yakikauka juu ya ganda yanaacha chokaa ya juzi juu ya chokaa ya miaka milioni 56, na mashine haina macho ya kuzitenganisha.

Tope la chaki linaachia lenyewe baada ya saa 24 kwenye kitikisio. Mfinyanzi mgumu unahitaji kukaushwa kabisa na kulowekwa upya, mara mbili hata tatu. Ule mpasuko wa kukauka ndio unaoulegeza. Wapo wanaoongeza heksametafosfeti ya sodiamu. Inasaidia, ila kwa sampuli ya metali mimi siiruhusu mezani.

Baada ya hapo ni chekeche ya maikromita 63, maji ya mpira kwa presha ndogo. Usisugue kwa kidole. Si unga wa uwele huo. Kilichopita chini usimwage, kina nanoplanktoni, vimelea vidogo mno vya mwani wa baharini, ambao ndio wa kutajia umri. Kilichobaki juu kausha. Kati ya sampuli na sampuli chovya chekeche kwenye rangi ya bluu ya methilini: ganda lolote lililonasa kwenye waya linageuka bluu, na likijitokeza kwenye sampuli inayofuata unajua huyo ni mgeni, unamtoa.

Halafu chekecha kikavu kwa ukubwa, tuseme maikromita 250 hadi 300, na ukubwa huo huo uutumie toka juu ya kore mpaka chini. Sababu: *Morozovella* na *Acarinina* waliishi na mwani ndani yao, na kadiri ganda linavyokuwa kubwa ndivyo kaboni-13 yake inavyopanda. Ukichanganya wakubwa na wadogo utatengeneza mabadiliko ya kaboni ambayo bahari haikuyaona.

Wa kilindini tunatafuta *Nuttallides truempyi*, *Cibicidoides* na *Oridorsalis umbonatus*. Wa juu ni *Morozovella* na *Acarinina*. Wa kina cha kati ni *Subbotina*. Unaokota chini ya hadubini kwa brashi nyembamba iliyolowana kidogo, mmoja mmoja. Kwa kipimo cha oksijeni na kaboni unahitaji maikrogramu 20 hadi 80 tu, yaani maganda machache.

#5 Zabibu_Kavu

Mmoja mmoja kwa brashi 😳 Nimeweka kambi hapa, endeleeni.

#6 Mtemi_wa_Bahi

Sasa twende Lindi. Mwanzisha uzi amesema ushahidi umetoka huko. Huko ni mfinyanzi, na Chekeche amesema mfinyanzi ni mgumu kuufungua. Chaki ya kilindini ni safi, inaachia yenyewe. Kwa nini mtu aache chaki akahangaike na mfinyanzi?

#7 NgongonaMiamba

Kwa sababu chaki inavujisha, mfinyanzi unaziba.

Kwa miaka mingi maganda ya foraminifera wa juu wa tropiki, yaliyotoka kwenye chaki ya kilindini, yalitoa joto la ajabu: bahari ya ikweta wakati wa Eosini ikaonekana baridi kuliko ya leo, wakati huo huo nchi za ncha zilikuwa na misitu na mamba. Watu wa modeli za hali ya hewa wakasumbuka sana kutafuta bahari na upepo wa kubeba joto lote hilo toka ikweta kwenda ncha.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye ganda. Kiumbe aliishi juu kwenye maji ya moto, akafa, ganda likazama kilomita kadhaa hadi kwenye tope la baridi. Ndani ya chaki, maji ya kwenye vinyweleo vya tope yanayeyusha kalsiti ya zamani na kuijenga upya papo hapo, safari hii kwa joto la chini ya bahari. Kalsiti mpya ya baridi ina oksijeni-18 nyingi. Unapima ganda la juu, nusu ya jibu inatoka chini.

Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya maganda yaliyotoka kwenye mfinyanzi, yakiwemo ya pwani yetu ya kusini. Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi hauruhusu maji kupita, na haukuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa. Ganda lake chini ya hadubini linang'aa kama kioo, unaona hadi ndani ya vyumba vyake. Ganda la chaki ni jeupe lenye ukungu, kama glasi iliyooshwa kwa mchanga. Yale ya kioo yalitoa angalau nyuzi 28 hadi 32 kwa uso wa bahari ya tropiki. Ikweta "baridi" ikafutika, tena bila kubadilisha mashine yoyote.

Visima vya mradi wa uchimbaji wa Tanzania vilivyofuata huko Kilwa na Lindi vilifika hadi PETM yenyewe. Kisima namba 14 kina mwanzo wake, lakini juu kimekatwa na mmomonyoko, kwa hiyo kupona kwake hakuonekani. Ndiyo maana hatuwezi kutupa chaki: Kilwa inakupa joto sahihi, Walvis Ridge inakupa hadithi toka mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja la kuangalia: foraminifera wa kilindini waliozaliwa kwenye baridi, hata wakijengwa upya, wanajengwa upya kwenye baridi ile ile. Makosa yao ni madogo. Anayesema "kore za chaki zote ni uongo" hajatofautisha wa juu na wa chini.

#8 Chekeche63

Naongezea kipimo cha macho. Vunja ganda moja, tazama ukuta wake kwenye hadubini ya elektroni. Ukuta wa asili una chembechembe ndogo kuliko maikromita moja na vitundu vilivyo wazi. Ukiona fuwele bapa zimepangana kama vigae, vitundu vimezibwa, hilo ni jengo jipya. Fanya hivyo kwa kila sampuli ya 10 hivi, msiamini sura ya nje peke yake. Kuna maganda yanayong'aa nje na ndani yamejaa kalsiti ya kujazia.

#9 BintiManyoni

Salaam. Nachukua sehemu ya mashine na hesabu, maana naona bado hamjatoa hata namba moja ya nyuzi.

Ganda linaingia kwenye kichupa, linadondoshewa asidi ya fosforiki kwenye nyuzi 70, linatoa kaboni dayoksaidi, gesi inasafishwa maji kwa kugandishwa, kisha inaingia kwenye spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi nzito na nyepesi. Asidi isiwe na maji ndani yake. Ujazito wake uwe karibu gramu 1.92 kwa sentimita ya ujazo. Ikiwa nyepesi, maji yaliyomo yanabadilishana oksijeni na gesi yako, na kipimo chote kinasogea upande mmoja kimya kimya.

Kila sampuli sita au nane weka kiwango, yaani chokaa ya kulinganishia ambayo namba zake zinajulikana. NBS 19 ni +1.95 kwa kaboni na −2.20 kwa oksijeni. Sasa wengi wanatumia IAEA-603, +2.46 na −2.37. Weka pia kiwango kimoja kidogo sana cha uzito, kwa sababu gesi ikiwa haba mashine nyingi hupinda. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko usiendelee pale ulipoishia: anza upya na viwango, maana chanzo cha ioni kikipoa hakirudi palepale.

Hesabu. Natumia mlinganyo wa Bemis na wenzake wa 1998: T = 16.5 − 4.80 × (ganda − maji), T ni joto, na ganda na maji ni oksijeni-18 yao kwa elfu. Wakati ule hapakuwa na barafu kubwa nchi kavu, kwa hiyo maji ya bahari kwa wastani yalikuwa karibu −1.0. Namba za mfano, si za kisima fulani: kabla ya tukio ganda ni −0.5, wakati wa tukio ni −1.7.

Kabla: −0.5 − (−1.0) = 0.5, T = 14.1.
Wakati: −1.7 − (−1.0) = −0.7, T = 19.9.

Tofauti nyuzi 5.8.

#10 KoreMbili

Dada Manyoni, tofauti iko sawa ila namba zote mbili ziko juu. Ganda lipo kwenye kipimo cha PDB, maji yapo kwenye kipimo cha SMOW, na sifuri za vipimo hivyo hazifanani. Toa 0.27 kwenye maji kwanza.

#11 BintiManyoni

Umenikamata, ni kweli. Maji yanakuwa −1.27. Kabla: 0.77, T = 12.8. Wakati: −0.43, T = 18.6. Nilikuwa nimezidisha nyuzi 1.3 kila upande.

Naliacha kosa pale juu bila kuhariri, wengine waone. Tofauti inabaki 5.8 kwa sababu kosa lililo pande zote mbili linafutana. Ndiyo maana kwenye fani hii *mabadiliko* ya joto yanaaminika kuliko joto lenyewe. Kila spishi nayo ina marekebisho yake kabla ya kuingiza kwenye mlinganyo. Msichanganye *Nuttallides* na *Cibicidoides* kwenye mstari mmoja kama vile ni ndugu wa tumbo moja.

#12 Mtemi_wa_Bahi

Lakini hapo umekadiria maji. Kama uso wa bahari ulivukizwa zaidi au mvua ilizidi, maji yenyewe yanabadilika oksijeni. Unajuaje ni joto na si chumvi?

#13 Chekeche63

Hapo unaleta shahidi wa pili: magnesiamu kwa kalsiamu kwenye ganda lile lile. Maji yakipata joto ganda linaingiza magnesiamu zaidi, karibu asilimia 9 kwa kila nyuzi, na kwa njia hii huhitaji kujua oksijeni ya maji. Uwiano ukipanda kwa nusu, yaani mara 1.5, chukua logi asilia 0.405 ugawe kwa 0.09, unapata nyuzi 4.5.

Usafi ndio kila kitu. Pasua maganda taratibu kati ya vioo viwili ili vyumba vifunguke. Usisage, ukisaga unapoteza nusu kwenye maji. Osha kwa maji safi sana na mawimbi ya sauti mara kadhaa, kisha methanoli, kisha maji tena. Mfinyanzi unaelea, unaunyonya kabla haujatua. Kisha peroksaidi ya hidrojeni ndani ya hidroksidi ya sodiamu ya moto kuondoa mabaki ya viumbe. Mwisho asidi ya nitriki hafifu kabisa, moli 0.001 kwa lita, kulamba uso. Ukiizidisha asidi hiyo unayeyusha sehemu zenye magnesiamu nyingi kwanza, na jibu linakuwa baridi kuliko ukweli.

Pima aluminiamu, chuma na manganisi pamoja. Aluminiamu kwa kalsiamu ikipita maikromoli 100 kwa moli, kuna mfinyanzi umebaki. Rudia au tupa. Na kwa mazingira yetu, vumbi jekundu la Dodoma lina aluminiamu na chuma tele. Dirisha lifungwe, feni izimwe, na kila kundi la sampuli liwe na kichupa kitupu kilichopitia hatua zote. Kichupa kitupu kikitoa aluminiamu, tatizo ni chumba chako.

#14 BintiManyoni

Na bahari ya wakati ule haikuwa na magnesiamu kama ya leo, ilikuwa kidogo kuliko sasa. Kwa hiyo joto kamili kwa njia hii lina kutikisika kwingi. Ila magnesiamu hukaa baharini kama miaka milioni 13 na kalsiamu kama milioni 1, tukio letu ni la makumi ya maelfu. Maji hayakupata muda wa kubadilika. Tena mabadiliko yanaaminika kuliko namba yenyewe.

Kitu kitamu zaidi: bahari ilipopata asidi, mashahidi wote wawili walipotoka, ila kwa pande tofauti. Asidi hupandisha oksijeni-18 ya ganda, hivyo oksijeni inaficha sehemu ya joto. Asidi hiyo hiyo hupandisha magnesiamu kwenye spishi kadhaa, hivyo magnesiamu inalikuza joto. Zikitofautiana nyuzi moja au mbili msigombane nani mwongo, jibu lipo katikati.

#15 KoreMbili

Wakuu mmeruka uchimbaji na umri, na huko ndiko kwenye mitego mikubwa.

Kore ya pistoni ni bomba la mita 9.5, hukatwa vipande vya mita 1.5, hupasuliwa kwa urefu: nusu ya akiba, nusu ya kazi. Kati ya kore moja na inayofuata hupotea tope, wakati mwingine hata mita nzima, na juu ya kila kore ni uji. Ndiyo maana huchimbwa mashimo mawili au matatu jirani, yakipishana kina, kisha yanaunganishwa kwa kulinganisha rangi, usumaku na chuma kinachosomwa na mionzi ya eksirei. Ukiona mtu ana shimo moja tu na anadai kila mwaka elfu wa tukio, muulize pengo lake liko wapi.

Msafara wa 208 wa mwaka 2003 huko Walvis Ridge ulifikia tabaka la PETM kwenye visima vitano, toka kina cha kilomita 2.7 hadi 4.8. Kwenye visima hivyo vyote chaki nyeupe inakatwa ghafla na mfinyanzi mwekundu wa PETM, na kadiri unavyoshuka mfinyanzi unakuwa mnene. Maana yake bahari ilipata asidi, na kile kina ambacho chini yake chokaa yote huyeyuka kilipanda zaidi ya kilomita 2 katika miaka isiyofika 10,000. Kurudi kwake kulichukua zaidi ya 100,000.

Mtego ndio huo. Asidi haikuyeyusha mvua ya maganda ya siku ile tu, ilikula pia tope lililokuwa limeshatua kabla. Kwenye visima vya kina kirefu ukurasa wa mwanzo umechomwa. Mstari wa kaboni unaonekana kama ulianguka kwa siku moja, kumbe ni kurasa zilizopotea.

Minyoo nayo imechanganya sentimita 10 hivi za juu. Kwa tope linalokaa sentimita 1 hadi 2 kwa miaka elfu, hiyo ni miaka 5,000 hadi 10,000 imekorogwa. Dawa ni kupima ganda moja moja. Kwenye kisima 690 walipofanya hivyo, kila ganda lilikuwa la kabla au la baada, hakuna la katikati. Yaani kwa foraminifera wale, badiliko lilikuwa la haraka kuliko tope linavyoweza kuandika.

Umri wenyewe: tukio zima limo ndani ya kipindi cha usumaku wa kinyume kinachoitwa C24r, kwa hiyo usumaku peke yake hausaidii kuligawa. Watu huhesabu mizunguko ya chuma inayofuata yumbo la mhimili wa dunia, kama miaka 21,000 kila mmoja. Palipoyeyuka chokaa, mizunguko imebanwa na hesabu inakosea. Njia nyingine ni heliamu-3 ya vumbi la angani: inanyesha kwa kasi karibu ileile, haiyeyuki, kwa hiyo ikiwa nyingi kwenye sentimita moja, sentimita hiyo ilichukua muda mrefu kukaa. Mpaka wa Eosini umewekwa rasmi Dababiya, karibu na Luxor, Misri, pale pale kaboni-13 inapoanza kuanguka.

#16 Zabibu_Kavu

Na hiyo kaboni ilitoka wapi? Gesi ya methani au volkeno?

#17 BintiManyoni

Tufanye hesabu badala ya ushabiki. Chukua kaboni ya bahari, hewa na viumbe kwa pamoja gigatani 50,000 kwa mfano, yenye kaboni-13 ya sifuri. Baada ya tukio imeshuka hadi −3 kwa elfu.

Methani ya chini ya bahari ni karibu −60: 150,000 ÷ 57 = gigatani 2,600 hivi.
Mabaki ya mimea na viumbe, −25: 150,000 ÷ 22 = 6,800.
Volkeno, −6: 150,000 ÷ 3 = 50,000, yaani unaongeza kiasi sawa na kila kilichokuwepo.

Kwa hiyo kaboni-13 peke yake haiwezi kuamua. Ni mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili. Dickens mwaka 1995 alileta methani. Ila gigatani 2,600 zinaonekana chache kuyeyusha chokaa ya Walvis Ridge na kupandisha nyuzi 5.

#18 NgongonaMiamba

Ndipo boroni inapoingia. Isotopu za boroni kwenye ganda hufuata pH ya maji. Ukiwa na pH na kaboni-13 kwa pamoja unapata kiasi na chanzo kwa mara moja. Gutjahr na wenzake mwaka 2017 walifika zaidi ya gigatani 10,000, nyingi zikiwa za volkeno za Atlantiki ya kaskazini, wakati Greenland ikiachana na Ulaya. Mimi niko upande huo, na methani naipa nafasi ya msaidizi.

#19 KoreMbili

Mimi sijashawishika kuipunguza methani kiasi hicho. Kwenye 690 foraminifera wa juu wanabadilika kwanza, wa kilindini wanafuata. Joto lilishuka chini, na joto likishuka chini methani iliyoganda inaachia. Volkeno inaweza kuwasha kiberiti na methani ikawa kuni.

#20 NgongonaMiamba

Kuni kubali, ila gogo kubwa ni volkeno. Tuache hapo, uzi wa chanzo unastahili kurasa zake.

#21 Mtemi_wa_Bahi

Na kasi? Ikilinganishwa na leo?

#22 BintiManyoni

Makadirio ya mwaka 2016 ya Zeebe na wenzake ni kama gigatani 0.6 hadi 1.1 za kaboni kwa mwaka kwa mwanzo wa PETM, kwa angalau miaka 4,000. Sisi leo tunatoa karibu 10 kwa mwaka kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kwa hiyo PETM inafundisha vizuri jinsi dunia inavyopona, kasi ya kuanza haifanani na yetu.

#23 Mtemi_wa_Bahi

La mwisho, la vitendo. Tuseme kore za mfinyanzi za Kilwa zimeletwa Dodoma. Zinahifadhiwaje, na mtu aanze na sampuli ngapi?

#24 Chekeche63

Uhifadhi ndio unaoua kore za mfinyanzi kuliko kitu chochote. Ndani yake kuna pairiti, yaani salfaidi ya chuma. Kore ikikauka kwenye stoo ya joto, pairiti inakutana na hewa na unyevu kidogo, inatoa asidi ya salfuriki. Asidi inakula maganda, kalsiamu inayoachiwa inageuka jasi. Baada ya miezi utaona sindano ndogo zinazometa juu ya kore, na maganda ya kioo yaliyotufikisha hapa yameshakwenda. Kwa hali ya hewa yetu, stoo ya bati haifai hata kwa wiki. Funga kwa plastiki isiyopitisha hewa, nyuzi 4, na chukua sampuli mapema.

Sampuli za majaribio: moja kila sentimita 20 kwa kore yote, pima kaboni-13 ya mashapo mazima tu, hata bila kuokota foraminifera. Ni rahisi, na kaboni haisumbuliwi sana na kujengwa upya. Ukiona imeanguka, rudi pale pale na uchukue kila sentimita 1 au 2, nusu mita chini ya mwanguko na hadi mwisho wa kore juu yake. Hapo ndipo uanze kuokota.

Mkitaka pia joto kwa mafuta ya arkea (vijidudu vya seli moja), kipimo kiitwacho TEX86, tengeni gramu 5 hadi 10 kwenye foili, si plastiki. Angalieni kwanza kipimo cha BIT: kwa pwani yenye mito, udongo wa nchi kavu unaingia na mafuta yake, na ikivuka 0.3 au 0.4 namba ya joto iachwe.

Na kwenye daftari, mstari wa kwanza wa kila kore uandikwe tarehe iliyofunguliwa. Jasi ikijitokeza, hiyo tarehe ndiyo itakayowaambia sampuli zipi bado zinafaa.